Kijana Aliyeifundisha Mashine Yangu Kusema

Kijana wa Tanga alipoletwa ofisini kwetu, sikumchukia asubuhi ile. Nilingoja mpaka mchana. Asubuhi alikuwa mtu tu, mwembamba, shati limenyooka ingawa ametoka kushuka kwenye treni, akitusalimia mmoja mmoja kwa ule upole wa watu wa pwani ambao ukiusikiliza sana unaanza kujiona mshamba. Mchana nikapita mapokezi, nikamkuta ameketi kwenye benchi la wagonjwa karibu na meza ya dada yangu, na dada yangu anacheka. Dada yangu si mtu wa kucheka kazini. Nilikuwa nimefanya naye kazi jengo moja kwa zaidi ya mwaka na sikuwahi kumchekesha. Nikajifanya nimefuata maji, nikanywa bila kiu, nikarudi chumbani kwangu.

Kilikuwa kituo cha afya cha mtu binafsi pale Katubuka, chenye matawi mawili madogo ziwani, moja Ilagala na jingine Mwamgongo, ambako hufiki ila kwa boti. Mwenyewe alikuwa daktari mzee, Muha wa Kasulu, mkali kwa wafanyakazi na mpole kwa wagonjwa. Yeye ndiye aliyeamua kwamba mafaili ya karatasi yametosha, na mimi ndiye niliyemtengenezea programu ya kusajili wagonjwa na kuwatumia ujumbe kwa simu. Niseme vizuri ili mtu asije akasahau: niliitengeneza peke yangu. Chini ya programu ile kuna kanzidata, na kanzidata kwa asiyeijua ni ghala lenye bawabu mkali. Kila taarifa ina rafu yake, na isiyotimiza masharti hairuhusiwi kuingia. Tarehe ya kuzaliwa isiyopo kwenye kalenda, hapana. Mgonjwa asiye na jina, hapana. Namba ya simu ambayo tayari ni ya mtu mwingine, hapana. Masharti yote niliyaweka mimi, na nilijivunia kila moja.

Bawabu yule alipokataa kitu, skrini ilitoa mstari mwekundu wa Kiingereza wenye namba ya kosa, jina la jedwali na jina la safu, kama ulivyotoka kwenye kanzidata, bila kupakuliwa kwenye sahani. Nawajua watakaosema nilikuwa mvivu. Sikuwa mvivu. Kwangu mimi mstari ule ulikuwa na kila kitu. Nikiuona tu najua ni sharti gani limevunjwa na wapi. Kama kuna mtu haumsaidii, nilijiambia, ataniita. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mapokezi, ukuta wa mbao tu katikati.

Dada yangu alikuwa mapokezi tangu enzi za mafaili. Kwetu Ujiji, katika familia zilizotoka ng'ambo ya ziwa, ndugu mkubwa tunamwita yaya, na huyu ndiye yaya wangu wa pekee. Mama alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, leo yuko Uvira kesho Kalemie, kwa hiyo aliyenilea ni yeye. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyekaa barazani akiuza mawese ili mimi nipate nauli ya kwenda chuo Dodoma. Programu ilipoanza kutumika, daktari alitangaza kwamba watu wa mapokezi watatazamwa kwa miezi kadhaa, na atakayeshindwa kompyuta atampisha mwingine. Yaya alikuwa mtu wa kalamu. Na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba, yeye na wanawe na mumewe aliyepooza upande mmoja. Nilikuwa nikimchungulia mlangoni akibonyeza herufi moja moja kama anayechagua mchele, nikajipa moyo kwamba programu ni ya mdogo wake, haiwezi kumtupa.

Kijana wa Tanga aliajiriwa kuwasaidia watumiaji. Daktari alisema ameletwa kunipunguzia mzigo. Sikuwa nimelalamikia mzigo wowote. Nilimpa meza iliyo mbali na dirisha, na nilipomwonyesha programu nilimwonyesha haraka haraka. Yeye hakuuliza hata swali moja juu ya kanzidata yangu. Aliomba tu ruhusa ya kukaa mapokezi siku za mwanzo, awe anatazama watu wanavyoandika.

Mambo yakaharibika muda si mrefu. Mzee mmoja alipiga simu kutoka Kasulu, amefura, akitaka kujua ni nani anayemtumia ujumbe kumkumbusha kliniki ya wajawazito. Alisema wajukuu zake wamempa jina la utani. Tulicheka ofisi nzima, tukaacha kucheka alipokuja mama mmoja kutoka Ilagala na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amepimwa damu, majibu yakatumwa kwa simu, na mama hakupata kitu. Alikaa nyumbani akiamini kwamba ukimya ni habari njema. Mtoto aliletwa amelegea, na madaktari walihangaika naye mpaka akafungua macho.

Daktari alituita mimi na kijana wa Tanga ofisini kwake. Hakutukaribisha viti.

"Namba zinazoingia humu si za wagonjwa," akasema. "Kuna mtu anazibuni. Nitafutieni ni nani. Huyo mtu tutaagana naye, hata awe nani."

Kumtafuta ilikuwa kazi ndogo, kwa sababu kila anayeandika kwenye programu yangu anaacha jina lake. Niliitaka kanzidata inionyeshe wagonjwa ambao namba zao zinafanana zote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Zikatoka koo nzima za namba, inayoishia na sifuri, inayoishia na moja, inayoishia na mbili, utadhani namba moja imezaa. Pembeni mwa kila mstari palikuwa na jina la aliyeandika. Lilikuwa jina la yaya, juu mpaka chini. Nilifunga kompyuta nikakaa nimeishika kwa mikono miwili, nikiogopa mtu asije akapita akaona.

Jioni ile nilikwenda kwake Ujiji. Njia nzima nilikuwa nikijipanga. Nitamwambia taratibu. Atalia, nitamkumbatia, nitamwambia asiogope, mdogo wake yupo, mdogo wake ndiye aliyeitengeneza mashine na atajua la kumwambia daktari. Sitaficha kwamba kulikuwa na utamu kidogo katika kuyapanga yale. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiniokoa mimi.

Nilimkuta uani na ungo wa dagaa mapajani, mumewe ameketi kando akisikiliza redio.

"Shikamoo, yaya."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye mkeka. Kama umekuja kwa mambo ya namba, najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni mimi. Nimeshamwambia yule kijana."

Nilikaa.

"Ulimwambia lini?"

"Juzi. Aliniuliza mashine inanisumbua wapi, nikamwonyesha."

"Na mimi je?"

"Wewe una kazi nyingi, mdogo wangu."

Ndipo akanieleza, huku vidole vikiendelea kutoa vijiti na changarawe kwenye dagaa. Habari yenyewe ni ya mwaloni, pale boti za wavuvi zinapofikia. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa dagaa huwa ziwani na taa zao, na mbalamwezi ikirudi nao hurudi.

"Giza likiingia, waume wote wako ziwani, na simu wameondoka nazo," alisema yaya. "Sasa mke atatoa namba gani? Anatoa ya yule wa duka la chaji. Akipigiwa, yule anamwita. Mwaloni mzima namba yao ni hiyo hiyo. Wa kwanza nikimwandika, mashine inakubali. Wa pili, inawaka nyekundu na maneno yake yale. Nikabadilisha ya mwisho, ikatulia. Nikasema, kumbe ndivyo inavyotaka."

Hakuna neno hata moja katika yale ambalo sikulijua. Nimekulia hapo hapo. Mama akiwa Kalemie, tulikuwa tukipokea simu zake kwa jirani mwenye duka, na tulikuwa tukikimbia kweli kweli tukiitwa. Kilichonichoma ni kwamba mtu wa Tanga, ambaye maishani mwake hajaona dagaa wakivuliwa kwa taa za Ziwa Tanganyika, alilijua giza la kwetu kabla sijalikumbuka mimi, na aliambiwa na dada yangu.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema kosa si langu."

"Ni la nani?"

Yaya akapuliza vumbi kwenye ungo. "Hakusema," akajibu. Mumewe akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake tukarudi kwa daktari. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea yaya, maneno ninayo, lakini kijana alinitangulia. Aliomba ruhusa, akaiweka kompyuta mezani, akafungua ukurasa wa kusajili mgonjwa na kuandika namba ya duka la chaji. Mstari mwekundu ukatokea.

"Kwa ruhusa yako, Daktari, naomba utusomee."

Daktari akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, akafika katikati, akaanza upya. Ni mtu anayesoma vitabu vinene vya Kiingereza kila siku ya Mungu.

"Kuna kitu kimejirudia," akasema.

"Ndiyo. Ni kitu gani, na mtu wa mapokezi afanye nini, na hapo mgonjwa amesimama mbele yake anatetemeka homa?"

Daktari akavua miwani. Niliona aibu inakuja upande wangu, nikaiwahi.

"Ni safu ya simu," nikasema. "Sharti lake halikubali marudio. Maana yake iko wazi kabisa."

Kijana akanigeukia, mpole kama kawaida yake. "Ni kweli, dada, iko wazi kwa aliyeliweka sharti. Kama ungekuwa watu wawili, mmoja tukamweka mapokezi, haya yasingetokea."

Daktari alicheka mpaka akakohoa. Halafu akawa mkali tena, akasema yaya abaki kazini kwake, sisi wawili tukaifundishe ile mashine kusema na watu, na wale wagonjwa wenye namba za uongo watafutwe kupitia duka la chaji mpaka wa mwisho.

Nilifurahi, mnielewe. Nilitoka pale nikaenda kusimama nyuma ya jengo, nikashukuru Mungu kwa sauti. Lakini ndani ya furaha ile ile wivu ulikuwa ukinitafuna. Nilitaka yaya aokolewe, na nilitaka aokolewe na mimi.

Tukaanza kazi. Nitaeleza ilivyogawanywa, maana pale mtaani hakuna anayeijua. Kila kanzidata ilipokataa kitu, ilibidi kukataa kwake kunaswe kabla hakujafika kwenye skrini, kupimwe ni sharti gani limevunjwa, halafu mtu apewe maneno yanayomfaa, na ule mstari wa Kiingereza uhifadhiwe pembeni kwa ajili yangu. Kunasa, kupima na kuhifadhi nilifanya mimi. Lile sharti la simu nililiondoa mimi, nikaweka mahali pa kuandika simu ni ya nani. Zamani ukikosea kitu kimoja ukurasa wote ulifutika, ukaanza upya na jina la mgonjwa. Kijana akaomba alichokwisha kuandika mtu kisipotee. Aliomba kwa sentensi moja. Mimi nilihangaika nayo mpaka nikamwota.

Yeye aliandika maneno. Basi. Aliketi na daftari, akauliza watu wa mapokezi jambo lile wangeliambianaje wao kwa wao, akaandika: "Samahani. Namba hii ya simu tayari ipo kwa mgonjwa mwingine. Huenda wanatumia simu moja. Kama ndivyo, bonyeza NDIYO, kisha andika simu ni ya nani. Kama sivyo, iangalie tena namba." Alikuwa na kanuni zake, akinihubiria bila kuchoka. Mwambie mtu kilichotokea. Mwambie kwa nini. Mwambie afanye nini sasa. Usimlaumu, kwa sababu aliyepo pale kaunta tayari analaumiwa na foleni.

Nilibishana naye kila neno. Neno lililonikera kuliko yote ni lile "samahani". Mashine haina roho, nikamwambia, iombe radhi ya nini? Siku moja yeye yuko Mwamgongo nikaziondoa samahani zote. Kesho yake asubuhi yaya akaingia na kikombe chake cha chai, akauliza, "Mashine imenuna?" Nikazirudisha kabla kijana hajapanda boti ya kurudi.

Sifa zilipoanza kuja, zilikwenda zote kwake. Skrini ndiyo watu wanayoiona, na kwenye skrini wao walimwona yeye. Karani wa Mwamgongo, mwanamama ambaye kwa mwaka mzima alinipigia simu kunilalamikia tu, alimtumia migebuka, samaki wa ziwani kwetu, kwa boti, imefungwa vizuri kwenye majani ya migomba, juu yake kumeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwamba ni ya kijana wa mashine. Kijana wa mashine. Mimi niliyeizaa mashine sijawahi kuletewa hata dagaa wa mkono mmoja. Migebuka ile yaya ndiye aliyempikia, kwa mawese na ugali wa muhogo, akanialika na mimi nikale. Nilikula. Ilikuwa mitamu kuliko nilivyotaka.

Siku hiyo hiyo, nikiwa nanawa mikono, nilimsikia kijana akisema, "Ahsante, yaya, nimeshiba." Nikageuka. Tanga kwao yaya ni msichana wa kulea watoto, hilo analijua kila mtu, kwa hiyo hakulitoa kwao. Yaya alikuwa amemfundisha. Tena alimjibu, "Karibu tena, mdogo wangu," mdomo hata haukusita. Niliendelea kunawa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sasa nikaona labda ni kweli kwamba kosa langu ni kutouliza. Kama kinachotakiwa ni kukaa benchi, hata mimi ninacho cha kukalia. Nikachagua siku isiyo na foleni, nikatoka chumbani, nikaketi pale pale alipoketi kijana siku ile, nikamwuliza yaya, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, kama kuna mahali pamebaki pagumu. Yaya alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akanipa hela ya chapati, akaniambia niende kabla hazijaisha. Nilikwenda. Niliporudi kijana ndiye aliyekuwa benchini, na yaya alikuwa akimwonyesha kitu kwenye skrini kwa kidole.

Mwishowe Mungu akanisikia, au tuseme Dodoma. Kijana alipata kazi huko, kubwa kuliko yetu. Daktari alisikitika, yaya akalia waziwazi mbele ya wagonjwa. Siku ya safari tulimsindikiza stesheni. Yaya alimbebesha dumu la mawese, mfuko wa dagaa na ushauri wa kutosha nchi nzima. Nilimpa mkono nikiwa na furaha ambayo nilihofia inaonekana. Aliniambia amejifunza mengi kwangu. Nilimwangalia vizuri machoni nikitafuta kejeli, nikaikosa, na hilo nalo likanikera. Treni ilipoondoka nilitembea kurudi Katubuka na mguu mwepesi.

Maisha yakawa yangu tena. Mapokezi pakatulia, yaya akawa anaandika wagonjwa bila kuangalia vidole. Halafu daktari akaamua tupokee na wagonjwa wa bima. Nikaongeza safu ya namba ya kadi, nikaiwekea sharti la urefu, tarakimu kadhaa na si zaidi. Daktari alikuwa akinisukuma, na mgonjwa wa kwanza mwenye kadi alikuja sharti likiwa tayari na maneno yake bado.

Nilikuwa chumbani kwangu niliposikia yaya anaacha kubonyeza. Nikasikia kiti. Nikajua. Nikatulia nikingoja hatua zake, maana kijana wa Tanga hayuko, na kati ya mapokezi na mimi ni mlango mmoja. Nilinyoosha hata kola ya gauni. Kilichofuata ni mlio wa simu inayopiga. Yaya huweka simu yake kwenye spika, sikio lake moja halisikii vizuri.

"Hujambo, mdogo wangu? Huko wazima? Sisi tupo. Samahani nakusumbua kazini kwako. Mashine imewaka nyekundu tena, ile ya zamani, ya Kiingereza."

Nilisimama, mkono kwenye kitasa. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuung'oa ule mlango. Sauti ya kijana ikatoka kwenye simu, mbali na safi.

"Yaya, mdogo wako hayupo leo?"

"Yupo. Yuko hapo nyuma."

"Basi muulize yeye. Mambo ya bima ameyatengeneza yeye, mimi siyajui. Ni hapo hapo tu."

Yaya akaisogeza simu mdomoni. Alishusha sauti, lakini mbao zile hazifichi kitu.

"Yule nimemfundisha kusoma mimi. Mama hayupo, shule bado, nilimshika kidole nikamwonyesha a, nikamwonyesha e. Mpaka leo anaamini hakuna nisichokijua. Nitaanzaje kwenda kumwambia kwamba alichokiandika siwezi kukisoma? Wewe ni mtu wa Tanga. Ukijua kwamba sijui, kwangu hapapungui kitu."

Nikauachia mlango. Kitasa kile kina kelele, nilikiachia taratibu mno. Nilirudi mezani, nikaifungua programu pale linapoangaliwa sharti la kadi, nikaandika. Sikuhitaji kufikiri. Lugha ya kijana nilikuwa naijua kwa moyo. Hakuna mtu anayemsoma mwenzake kwa makini kama anayemwonea wivu. Niliandika: "Samahani. Namba ya kadi ya bima imezidi urefu. Huenda umeiandika pamoja na vistari vilivyo kwenye kadi. Andika tarakimu peke yake, kisha hifadhi tena. Mengine uliyoandika yapo, hayajapotea." Nikaiweka hewani, ikafika mapokezi papo hapo.

Kwenye simu kijana alikuwa bado akimwulizauliza. "Hebu bonyeza tena, yaya," akasema, kama watu wanavyosema wanapokosa jingine.

Yaya akabonyeza. Kisha nikamsikia anasoma, polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nikasikia vidole vikifuta vistari.

"Imekubali," akasema. "Umeirekebisha, mdogo wangu. Uko Dodoma huko na bado unanifikia."

Kijana hakuwa mjinga. Alijua fika ni nani mwingine duniani anayeweza kuigusa programu ile. Nilishikilia meza. Nilitaka aseme, na nilitaka asiseme.

"Nashukuru imekubali, yaya," akasema mwishowe.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, ni mimi, na lilinifika mpaka menoni. Ningelisema, yaya angejua kwamba nimesikia yote. Nikalimeza likateremka na mikwaruzo yake. Nikamwacha amshukuru kijana wa Tanga mpaka akaridhika, amwombee dua, amwulizie na mawese kama bado yapo. Simu ilipokatwa nikasubiri kidogo, nikafungua mlango nikijinyoosha, kama mtu aliyekuwa amezama kwenye kazi tangu asubuhi.

"Vipi hii ya bima, yaya? Haikusumbui?"

Alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine. Aliniangalia juu ya miwani yake.

"Nisumbuliwe na nini?" akasema. "Ulichoandika wewe, chote nakisoma."